Kijicho cha Injini

Tarehe 2 Februari

Kwako Tochi, mdogo wangu,

Natumai barua hii inakukuta umeketi, maana najua siku hizi kuketi kwako ni bahati. Huku sisi ni wazima. Wifi yako anakusalimu na anasema huyo mtoto wako wa pili hajamwona hata kwenye picha. Mguu wa Mama unaendeleaje? Mwambie nimesikia anapanda ngazi bila fimbo, na sijafurahi.

Naandika kwa sababu kwenye simu tunagombana, na pia kwa sababu huyu dereva wa lori la saruji anapita kwenu kila baada ya wiki mbili tatu, na ni mtu anayejua kutunza karatasi. Shida yangu ni lori. Linazima. Halizimi asubuhi, halizimi bondeni, halizimi mbele ya fundi. Linapanda mlima wa machimbo vizuri kabisa, likifika juu, nikiachia mafuta nibadili gia, kimya. Nakaa kando ya njia nusu saa, injini inapoa, nawasha, linaitika kama halijafanya kitu.

Fundi wa hapa kazini alisema ni ile sensa ya krenki. Tukabadilisha. Ikawa sawa siku tisa, tulipokuwa tunapeleka mizigo bondeni, halafu tuliporudi mlimani yakawa yale yale. Tukabadilisha tena. Sasa ipo ya tatu, nayo imeanza, na mwenye gari ananitazama kama mimi ndiye ninayezitafuna.

Wewe ndiye uliyebaki na mikono ya Baba. Niambie hivi vitu vinakufa kwa nini.

Wako,
Kaka


Tarehe 19 Februari

Kaka, shikamoo.

Barua yako imefika na vumbi la saruji, mwanangu mkubwa akaifuta kwa gauni lake kabla sijamzuia. Sisi tupo. Mdogo ana jino moja na anataka kulijaribu kwa kila mtu. Mama ni kweli anapanda ngazi bila fimbo, na nikimsema ananiuliza nimesomea udaktari lini. Baba watoto yuko zamu kiwandani, kwa hiyo nakuandikia kwa vipande: mstari mmoja, nepi, mstari mmoja. Ukiona mahali nimeruka, ujue ni nepi.

Haya, kijicho. Unakumbuka Baba hakuwahi kukiita sensa. Alikuwa anawaambia wateja, "Gari lako lina kijicho," na yule mzee wa lori la magogo akamjibu, "Linamwonea nani wivu, na lenyewe ndilo bovu kuliko yote?" Baba alicheka mpaka akaweka spana chini.

Ndani ya kijicho kuna sumaku, na waya mwembamba kama unywele uliozungushwa mara nyingi sana. Mbele yake inapita ile ringi ya meno, pete ya chuma iliyovikwa kwenye krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Kila jino likipita, kijicho kinatuma mpigo mdogo wa umeme kwenye kompyuta ya injini. Kompyuta inahesabu meno, na pale palipoachwa pengo inajua pistoni ya kwanza iko wapi, ndipo inajua wakati wa kutia dizeli. Ikipoteza hesabu haibahatishi. Inafunga dizeli. Ndiyo maana lori lako halikohoi wala halitetemeki, linanyamaza tu kama mtu aliyenuna.

Kinachoviua sana ni joto. Ule waya wa ndani ukipata ufa, ukichemka unaachana, ukipoa unagusana, na wewe unadhani gari lina mapepo. Halafu injini ya dizeli inatikisa, wewe mwenyewe kiti kinakutikisa na umekalia sponji, sasa fikiria kitu kilichofungwa kwenye chuma chenyewe. Soketi inalegea, waya unasugua mahali mpaka shaba inachungulia, mafuta yanapenya kwenye mpira. Na kwa kuwa ni sumaku, kinaokota unga wa chuma mpaka kinaota ndevu. Kijicho chenye ndevu hakioni vizuri.

Lakini Kaka, vitatu havifi mfululizo hivi hivi. Ama kuna kitu kinaviua, ama havijafa. Kwa hiyo nifanyie haya. Likizima, tazama mshale wa mizunguko ya injini pale mbele ya usukani: unaanguka kabla ya injini kunyamaza, au baada? Kitoe kijicho uangalie kama kina ndevu. Halafu fuata waya wake kwa vidole vyako mwanzo hadi mwisho, hasa unapopita karibu na bomba la moshi. Kwa vidole, siyo kwa macho, na usimtume mtu.

Mdogo ameamka.

Tochi


Tarehe 10 Machi

Tochi,

Salamu kwa wote, na kwa huyo mwenye jino. Wifi yako amepata kazi ya kushona sare za shule, nyumba imejaa vipande vya kitambaa, nimekuta kifungo kwenye chai.

Nimefanya ulivyosema. Mshale unaanguka kwanza. Unashuka hadi sifuri injini ikiwa bado inanguruma, kisha ndipo inanyamaza. Sikuwahi kuuona kwa sababu huwa natazama barabara, ndiyo kazi niliyoajiriwa. Ndevu hakuna, kijicho kimenyolewa vizuri. Waya nimeufuata kwa vidole mpaka nikaungua kidole kimoja, hauna hata mkwaruzo. Soketi kavu.

Na kufunga, vijicho vyote nimevifunga mwenyewe. Simwachii fundi wa hapa, maana yeye anakibana tu pale pale kwenye chuma, kavu kavu. Mimi nakiwekea washa moja chini, kile kipete bapa cha chuma, kama Baba alivyotufundisha. Kijicho kiachiwe nafasi ya kupumua. Nilipomwambia hivyo yule fundi alibaki ananitazama. Madereva wenzangu wanne wameniomba niwafungie hivyo hivyo, na nimewafungia.

Mwenye gari amesema likizima tena anampa mtu mwingine usukani. Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililonitisha. Mvua zikianza tutahamia upande wa pili wa mlima, na huko kuna mteremko wa kweli. Niandikie haraka.

Kaka


Tarehe 28 Aprili

Kaka, shikamoo.

Nisamehe kwa kuchelewa. Mdogo alikuwa na kifua, kisha mkubwa naye akakichukua, kisha mimi. Najua dereva wa saruji alipita mara mbili nikamwambia sina barua. Mama hajambo, amekubali fimbo ila anaitumia kunyooshea watu. Mvua imevuja jikoni, baba watoto amepanda juu na kushuka na sababu kumi za kwa nini siyo kosa la paa aliloezeka yeye.

Kuhusu ile washa: itoe. Siku hizi hawaweki. Kifunge kikae pale pale kwenye chuma chake, kama yule fundi wenu anavyofanya.

Sina la zaidi kwa leo. Msalimie wifi, mwambie nahitaji yale mabaki ya kitambaa.

Tochi


Tarehe 20 Mei

Kwako mdogo wangu,

Sisi wazima, mvua ni nyingi.

Nimesubiri wiki saba nikapata mistari miwili. "Siku hizi hawaweki." Nani hao? Baba aliweka washa kwenye kila lori lililoingia karakana yake, nami nilikuwa namshikia spana. Watu walitoka mbali kuja kwake. Wewe umekaa na nepi miaka miwili, hujashika injini, leo unamsahihisha mtu aliye kaburini kwa mistari miwili na habari za paa.

Sijaitoa. Jumatatu lilinizimia kidogo kwenye ule mteremko, nikasimama. Hakuna neno. Mwenye gari hajui.

Kama una sababu, niandikie sababu. Kama huna, kazi ya Baba iache.

Kaka


Tarehe 23 Mei

Kaka,

Salamu nitaziandika mwisho, nikikumbuka. Hilo lori usilitie ufunguo mpaka umesoma hadi chini.

Dereva wa saruji alikaa hapa kizingitini kunywa maji nikiwa nasoma barua yako. Akaniuliza, "Amekuandikia habari ya Jumatatu?"

Nikamwambia, "Ameandika alisimama kidogo."

"Kidogo? Huyo alisimamishwa na mlima, dada. Injini ilizima, usukani ukawa mzito kama jiwe, akaliminya lori kwenye ukuta wa mlima ubavu mzima. Upande wa pili ni bonde. Bampa amelifunga kwa waya."

Mdogo alikuwa begani, nikamkalisha sakafuni kwenye vumbi na sikuona. Yule mtu akajua ameharibu, akasema, "Lakini anaendesha vizuri, kaka yako." Ndiyo. Anaendesha vizuri.

Umetaka sababu. Sababu ni mimi.

Nilikuwa na miaka kumi na mitano, wewe uko bweni. Baba alikuwa anaunda upya injini ya lile lori la maji. Akanipa ringi ya meno niivike kwenye krenki, akaniambia niichemshe kwanza kwenye mafuta itanuke, ndipo iingie yenyewe bila kulazimishwa. Kisha akaenda kununua boliti. Mimi nilikuwa na haraka, rafiki zangu walikuwa wananingoja nje ya geti. Sikuichemsha. Niliigonga kwa nyundo ikiwa baridi, ikaingia upande. Upande kidogo sana, usingeweza kuona. Baba alirudi akafunga vitu vyake vyote juu yake.

Injini ilipowaka ilikuwa inatoa sauti kama ukucha kwenye bati. Mwenye lori amesimama pale, vijana wa karakana wote wamesimama. Baba akazima, akakitoa kijicho. Ncha ilikuwa imekwanguliwa. Akaitazama ile ncha, akanitazama mimi, nikaangalia viatu vyangu. Kuivua ringi ile kulitaka injini ifunguliwe upya na mtu ana kisima kinamngoja. Basi akaenda kwenye kopo, akachukua washa moja, akaiweka chini ya kijicho ili kisogee nyuma, kisiguswe na ringi inayoyumba. Mwenye lori akamuuliza, "Hiyo ya nini?" Baba akafuta mikono polepole, akasema, "Kijicho kiachiwe nafasi ya kupumua."

Alikuwa ananisitiri. Hakuna zaidi ya hapo. Lakini vijana walisikia, lori lililofuata mmoja wao akaweka washa bila kuulizwa, na Baba hakuweza kumwambia itoe bila kumwambia kwa nini. Ulipokuja likizo ukaikuta ni sheria. Zile injini za zamani zilivumilia. Hii yako haivumilii. Kijicho kikiwa mbali na meno, mpigo unakuwa dhaifu. Krenki ikizunguka polepole, unadhoofika tena. Kikichemka, tena. Wewe unafika juu ya mlima injini imechemka, unaachia mafuta, mzunguko unashuka, na kijicho kimeshasogezwa nyuma na washa. Yote matatu kwa mara moja. Kompyuta inapoteza hesabu. Kile cha kwanza pengine kilikufa kweli, kwa uzee. Hivi vingine havijafa, Kaka. Vinaonyeshwa meno kwa mbali.

Mwaka wake wa mwisho Baba alianza kuzitoa. Gari kwa gari, vijana wakiwa wamekwenda kula, mimi na yeye tu. Yeye anafungua, mimi napokea. Usingeweza kuliona hilo. Hukuwepo. Sikusudii kukuchoma. Au nakusudia, kidogo.

Kwa nini sikukwambia Machi? Kwa sababu kila ukiyasema yale maneno mbele ya watu, ukikunja mikono kama yeye, mimi naona aibu na raha vyote kwa pamoja. Nilitaka uitoe ile washa na maneno ubaki nayo. Haikuwezekana, na mimi nikapoteza wiki saba nikijidanganya na kifua cha mtoto, na wewe ukaenda ule mteremko. Hilo halikuandikwa na Baba. Ni langu.

Itoe leo. Safisha pale chini kwa kitambaa, pasibaki hata mchanga, ukibane pale pale kwenye chuma. Usipoitoa nitampigia mwenye gari mwenyewe, na unajua nitapiga.

Mama hajambo. Watoto hawajambo. Wasalimie.

Tochi


Tarehe 2 Julai

Tochi,

Tumshukuru Mungu sisi ni wazima, na naomba nanyi muwe hivyo. Wifi yako anakutumia mfuko wa vitambaa, usifungue mbele ya watoto, vitatapakaa nyumba nzima.

Barua yako nilikaa nayo siku tano. Lori lilikuwa linangoja bampa kwa hiyo sikuendesha, usije ukapiga simu. Siku ya sita nikaenda, nikalala chini, nikaitoa. Ni kipande chembamba, Tochi. Nilikiweka kwenye kiganja na nikakasirika na kitu ambacho hata uzito sikuuhisi.

Halijazima. Mwezi sasa, mlima huu na ule mwingine, joto na mvua. Mshale haushuki hadi sifuri. Nikiachia mafuta pale juu bado mwili wangu wote unangoja kimya, na kimya hakiji. Bampa nilimwambia mwenye gari ukweli, akasema nitaendelea wiki moja moja. Nimeendelea.

Sikukasirika kwa ringi. Mtoto wa miaka kumi na mitano ana haraka, ndiyo kazi yake. Nilikasirika kwamba nyinyi wawili mlijua na mimi nikawa nazunguka miaka yote hii nikihubiri. Watu wameniita fundi kwa maneno yale. Halafu nikafikiri, Baba angeniambia lini? Kuhusu kutokuwepo kwangu, sina jibu linaloandikika.

Wale wenzangu wanne nimewatolea washa zao. Wawili magari yao yalikuwa yameshaanza kusumbua kuwaka asubuhi, wakalaumu betri. Wakaniuliza imekuwaje. Nimewaambia nilikosea mimi, nilisikia vibaya utotoni. Wamecheka wiki nzima. Sasa wakiniona naingia yadi wanavuta pumzi kwa nguvu, wote pamoja, mpaka mlinzi naye. Ni sawa. Wewe sikukutaja wala Baba sikumtaja. Hayo yaishie kwangu.

Kaka


Tarehe 9 Julai

Kaka, shikamoo.

Vitambaa vimefika, ahsante, mkubwa amelala ndani ya mfuko. Mama nimemsomea barua yako, isipokuwa ile ya bampa niliiruka, akaniambia, "Na hapo uliporuka pameandikwa nini?" Kwa hiyo sasa anajua, na ana maneno yake na wewe.

Pale ulipoandika "halijazima" nilipasoma nikaenda kuanika nguo, nikarudi nikapasoma tena.

Lile la kutokuwepo sikukuomba ujibu kwa kalamu. Omba siku tatu uje.

Lakini hili la kuwaambia nilikosea mimi, hapana, Kaka. Najua umefanya kwa upendo. Baba naye alifanya kwa upendo, na tazama limetembea mpaka wapi. Waambie. Waambie ni mdogo wako wa kike, alikuwa na haraka, aligonga ringi baridi. Mtu akiambiwa tu umesikia vibaya atacheka, kesho atafikiri labda sasa ndiyo umesikia vibaya, atairudisha. Akijua ilikotoka hatairudisha. Na mimi si mtoto wa kufichwa nyuma ya mgongo wa mtu, nina watoto wangu wawili wanaojificha huko.

Dereva wa saruji aliponiletea barua yako nilimuuliza, kwa kutania tu, "Na lako lina kijicho kizima?" Akasema kizima sana, amekifunga na washa, ameambiwa lazima kiachiwe nafasi ya kupumua. Nikamuuliza kaambiwa na nani. Si wewe. Ni mtu wa lori la mbao, naye aliambiwa na mwingine.

Nikampa mtoto amshike. Nikatafuta spana za Baba chini ya kitanda, nikafunga kanga kiunoni, nikaingia chini ya lori lake hapa nje ya mlango. Mikono ilikuwa migeni dakika mbili, kisha ikakumbuka. Nilipotoka na ile washa nikamweleza yote, ringi, nyundo, rafiki zangu getini, Baba akifuta mikono. Sikupunguza. Alikuwa amemshika mtoto kwa mbali kama mtu aliyeshika ndoo iliyojaa, na alinisikiliza hadi mwisho.

Nilidhani atacheka. Aliniuliza Jumamosi nipo, maana ana wenzake wawili wenye washa, na huko kwao hakuna anayejua kueleza kwa nini.

Nimemwambia nipo.

Tochi